Breki ya pawasoo kuukuu: uitengeneze, ubadilishe kifuniko kizima, au upachike mpya?

Wiki hii juu ya benchi langu hapa Kisauni, Mombasa, kuna misumeno miwili ya mnyororo. Mmoja ni Husqvarna 268 ya kijana anayekata miembe na mivinje kwenye nyua za watu wa Nyali na Bamburi. Wa pili ni Stihl 070, zigo la chuma la mzee mmoja wa Likoni anayepasua mbao za mnazi kule Kwale. Kijana alikuja na maneno machache: "Fundi, breki inashika inapojitakia yenyewe, nimeifunga waya." Mzee akautazama msumeno wa kijana, akautazama wake, akaniambia, "Mwanangu, huu wangu tangu niununue haujui breki ni nini. Nifungie kama ya huyu."

Ukiwasikiliza utadhani shida yao ni moja. Sivyo. Wa kijana ulizaliwa na breki, ikaugua. Wa mzee ulizaliwa bila breki, na bodi yake haikuachiwa mahali pa kuikalisha. Wateja wengi wanaokuja na pawasoo ya zamani huanza kwa kuuliza bei ya spea. Mimi huanza kwa kutazama bodi, kwa sababu bodi ndiyo inayoamua kama kuna cha kununua.

Kabla ya kulinganisha, tuelewane breki hii inazuia nini. Watu wa kazi husema msumeno "umepiga teke". Baa ni ule upanga unaozungukwa na mnyororo. Ncha yake, ile robo ya juu ya mviringo, ikigusa tawi lililojificha au gogo la pili, meno hayapati nafasi ya kukata. Yanang'ang'ania, na nguvu yote ya injini inaurudisha msumeno juu na nyuma, kwenye bega, shingo au uso wa aliyeushika. Breki ni ukanda mwembamba wa chuma uliozungushwa kwenye dramu ya klachi, kile kikombe cha chuma kinachouendesha mnyororo, ukishikiliwa na springi kali iliyotegwa kama mtego wa panya. Ngao iliyo mbele ya mkono wa kushoto ndiyo kitegesho. Ikisukumwa mbele, springi inafyatuka, ukanda unaikaba dramu, mnyororo unasimama.

Unasimama upesi kiasi gani? Kiwango cha kimataifa cha ISO 6535 kinataka wastani usizidi sekunde 0.12. Piga hesabu: mnyororo unaokwenda mita 20 kwa sekunde, ukipunguzwa mwendo sawasawa mpaka sifuri kwa muda huo, bado utasonga mita 1.2. Mnyororo wa baa ya inchi 20 una urefu wa karibu mita 1.37. Yaani breki nzima inausimamisha kabla haujamaliza hata mzunguko mmoja. Kwa hiyo mtu akiniambia "breki yangu bado inafanya kazi kidogo", huwa sijui nimjibu nini. Breki inayosimamisha mnyororo baada ya sekunde moja ni pambo.

Stihl walitoa breki yao mwaka 1972 wakaiita QuickStop, na Husqvarna wakatoa yao mwaka 1973. Za mwanzo zilingoja mkono uiguse ngao. Baadaye zikaja zinazojifyatua zenyewe: ngao ina uzito wake, msumeno ukirushwa ghafla ngao inabaki nyuma kidogo, na huko kubaki nyuma ndiko kunakofyatua springi. Tofauti hii ishike, tutairudia, maana ndipo spea za bei rahisi zinapowaumbua wengi.

Sasa tuanze na walio wengi, wenye msumeno uliokuja na breki. Uamuzi wao ni kati ya kutengeneza iliyopo na kununua kifuniko kizima chenye breki ndani yake. Lakini si kila msumeno unakupa uamuzi huo. Kwenye Husqvarna 61, 268 na 272, breki yote imo ndani ya kifuniko cha klachi. Unalegeza nati mbili za baa, kifuniko kinatoka na ukanda, springi, wenzo na ngao yake. Misumeno mingi ya Kichina ya 5200 na 5800 iliyojaa madukani iko hivyo hivyo. Kwenye Stihl 038, MS 380 na MS 381, ukanda umelala ndani ya bodi yenyewe, umeizunguka dramu. Huko hakuna kifuniko cha kukuokoa. Ni kufungua na kubadilisha kipande kimoja kimoja, basi.

Tuseme wako ni wa aina ya kwanza. Kutengeneza kuna faida moja kubwa ambayo watu hawaihesabu: ngao, wenzo na kifuniko ni vya kiwandani, uzito na pembe zake ni zile zile zilizopimwa pamoja. Unachobadilisha ni kile kilichokufa tu. Na kwa misumeno ya Mombasa, mara nyingi hata hakijafa, kimechafuka. Huku kwetu wakataji wengi wanalainishia mnyororo kwa oili chafu ya gari. Oili hiyo ikichanganyika na unga wa mwembe inakuwa lami. Ukikata mnazi ndiyo balaa zaidi, nyuzi zake zinajisokota nyuma ya spoketi kama kamba ya makumbi. Juu ya hayo kuna hewa yetu ya chumvi, inayoila springi taratibu bila mtu kujua. Msumeno uliolala stoo Mtwapa miezi sita ya mvua na kusi una kutu mahali ambapo wa bara usingekuwa nayo.

Kwa hiyo mimi huanza kwa brashi na mafuta ya taa, kisha upepo wa kompresa. Breki kadhaa zimepona hapo hapo, mteja akanitazama kama vile nimemdhulumu kumtoza pesa ya kusugua. Isipopona, naufungua mfuniko mdogo unaofunika springi. Hapa sina mzaha na mtu. Springi hiyo imebanwa kwa nguvu, ikiruka inaweza kutoboa jicho. Vaa miwani, ifunike kwa tambara nene, elekeza uso kwingine. Usiibane na bisibisi ukiwa umeiinamia.

Springi yenye vidonda vya kutu inatupwa hata kama bado ina nguvu, maana itakatika kwenye kidonda. Ukanda unapimwa unene kwa vernia, kile kipimo cha milimita, mahali palipolika zaidi. Kwa Husqvarna, kitabu kinasema usiwe chini ya milimita 0.6. Ukiwa na nyufa kwenye ndoano yake au umepinda, unatupwa bila kupimwa. Wenzo na pini zake vinakaguliwa kama kingo zimelika na kuwa duara, kwa sababu kingo zikishakuwa duara mtego haushiki vizuri, springi inafyatuka kwa mtikisiko tu. Huo ndio ulikuwa ugonjwa wa yule kijana. Breki yake ilikuwa inajifyatua kwa sababu kingo za wenzo zimekwisha, naye akaona dawa ni waya. Waya ulitibu usumbufu na kuua breki kwa pamoja.

Dramu nayo iangalie. Ikiwa na rangi ya bluu, kuna mtu aliukaza gesi msumeno breki ikiwa imefungwa, yaani ngao iko mbele, klachi ikateleza ndani ya dramu iliyokabwa mpaka chuma kikaungua. Dramu ya hivyo usiifungie ukanda mpya. Ukitaka kuitoa, kumbuka kwamba kwenye Husqvarna na Stihl nyingi klachi ina uzi wa kinyume, inafunguka kwa kuzungusha upande ambao kwa kawaida tunakazia. Nimeletewa shafti zilizovunjwa na watu wenye misuli waliosahau jambo hili.

Kununua kifuniko kizima kunashinda kwa haraka. Dakika tano, mtu amerudi mtini. Kama kifuniko chako cha zamani kimepasuka kwenye mashimo ya baa, au sehemu ya kuzungukia ngao imelika hadi ngao inacheza kama jino bovu, basi usijisumbue kutengeneza. Alumini iliyolika hairudi. Nunua kizima.

Tatizo ni kizima kipi. Cha kiwandani kwa msumeno wa zamani hakipatikani kila siku, mara nyingi ni kuagiza na kungoja. Cha kuiga kipo tele. Na hapa nikubali kosa langu. Miaka kadhaa iliyopita nilimfungia mteja kifuniko cha kuiga nilichokinunua duka moja la mjini. Nikakisukuma kwa mkono: ka! kikafyatuka safi. Nikamkabidhi. Baada ya siku mbili alirudi na kofia yake ngumu ikiwa na mfereji wa meno ya mnyororo kuanzia paji mpaka utosini. Msumeno ulipiga teke kwenye tawi la mkungu, mkono wake haukuigusa ngao, na ngao yenyewe ilikuwa nyepesi mno, haikufyatua kitu. Kofia ndiyo iliyomwokoa. Nilimrudishia pesa yake, na tangu siku hiyo kifuniko cha kuiga hakitoki kwangu bila kuangushwa kwenye gogo. Nitaeleza jaribio hilo mbele.

Kwa hiyo ukinilazimisha nichague: kifuniko cha zamani kikiwa kizima, natengeneza, natia ukanda na springi orijino, na naweza kumtazama mteja usoni. Kifuniko kikiwa kimekwisha na cha kiwandani kimekosekana, natafuta msumeno mfu wa aina ile ile, nakitoa kifuniko chake, nakitengeneza. Cha kuiga ni cha mwisho, na kikifeli jaribio kinarudi dukani. Kwa bei, ukanda na springi ni sehemu ndogo tu ya bei ya kifuniko, lakini saa zangu za kazi ni nyingi zaidi, kwa hiyo tofauti mfukoni si kubwa kama watu wanavyodhani.

Jambo dogo kwa wanaobadilisha wenyewe: kifuniko cha aina hii usikitoe breki ikiwa imefungwa. Ukanda utakuwa umejibana, na hutaweza kukirudisha juu ya dramu. Kila mwezi naletewa msumeno wenye "kifuniko kisichoingia". Ni kuivuta ngao nyuma kabla ya kukitoa, hiyo tu.

Sasa tuje kwa mzee.

Kupachika breki kwenye msumeno usio nayo ni mambo mawili tofauti yaliyopewa jina moja. La kwanza ni halali kabisa. Zamani kiwanda kiliweza kuuza aina moja ya msumeno ikiwa na breki na bila breki, na bodi ni ile ile. Kwa Stihl za zamani herufi zinasaidia: AV ni kinga ya mtetemo, E ni moto wa elektroniki, na Q ni QuickStop. Ndiyo maana utaona kibandiko kimeandikwa 028 AVEQ au 056 AVEQ. Ukiwa na ndugu yake asiye na Q, toa kifuniko uchungulie kama bodi ina vishikizo na mashimo ya breki yaliyoachwa wazi. Yakiwepo, unahitaji ukanda, springi, wenzo, ngao, kifuniko chake, na wakati mwingine mpini wa mbele na dramu, maana upana unaweza kutofautiana. Kununua kipande kimoja kimoja kutakufilisi. Tafuta msumeno mfu wenye Q, uchinje, uhamishe viungo vyote vyake kwa pamoja ili vipatane. Kumbuka tu kwamba breki ya miaka hiyo inaweza kuwa ile inayongoja mkono. Ni bora kuliko kukosa kabisa, lakini usiichukulie kama ya kisasa.

La pili ndilo ninalolikataa, na nimelikataa mbele ya pesa taslimu: kuchomelea vishikizo kwenye bodi isiyo navyo, ukaunda breki ya kubuni. Kuna fundi kila mtaa kuanzia Changamwe mpaka Kongowea anayeweza kuchomelea geti likakaa miaka thelathini, na kwa sababu hiyo anaamini anaweza kuchomelea chochote. Mabodi mengi ya misumeno hii ni aloi ya magnesi. Haishikani na fimbo ya kawaida ya kuchomelea, na unga wake ukishika moto unawaka kwa mwanga mweupe ambao maji yanauchochea badala ya kuuzima. Hata ukifanikiwa bila kuchoma banda, nani atapima kama breki yako inasimamisha kwa sekunde 0.12? Springi umeikadiria kwa macho, ngao umeipinda kutoka bati. Mtu atauamini msumeno huo kuliko zamani, ataingiza ncha mahali ambapo jana asingethubutu.

Stihl 070 imetokana na ukoo wa Contra ya mwaka 1959. Ina injini ya sentimita za ujazo 106, na nguvu ya kupasua gogo la mvule bila kutoa jasho. Sishangai wapasuaji mbao wanaipenda. Lakini iliundwa kabla fikra ya breki haijaingia viwandani, na hizi za kwetu hazina pa kuikalisha. Nilimwambia mzee hivyo. Akanuna kidogo. "Kwa hiyo niutupe?"

Hapana. Hapa njia ya kulinganisha inabadilika: badala ya kulinganisha spea na spea, linganisha kazi na kazi. Gogo likiwa limelala chini, limekazwa, na msumeno umefungwa kwenye fremu ya kupasulia, ncha ya baa haizunguki hewani ikitafuta cha kugonga. Hatari ipo, ila teke si tishio la kwanza. Mtu huyo huyo akiuchukua msumeno huo huo kupogoa matawi ya mwembe uliong'olewa na upepo, matawi yamepandana, yamebanwa, mengine yamejikunja kama upinde, basi ncha itagusa kitu. Suala ni lini.

Kwa hiyo msumeno usio na breki ninaushauri ubaki kwenye fremu tu. Tia mnyororo wa aina inayopunguza teke, ingawa ukweli ni kwamba utapasua polepole kidogo. Kipo pia kizibo cha ncha kinachofungwa kwa skrubu mwishoni mwa baa. Ncha ikifunikwa haiwezi kugusa kitu, na bila kugusa hakuna teke la aina hii. Ubaya wake ni kwamba huwezi tena kuchoma baa katikati ya gogo, na gogo nene kuliko baa linakuwa mtihani. Hakuna hata kimoja kati ya hivi ambacho ni badala ya breki kwa mtu anayeangusha na kupogoa.

Kwa kuangusha na kupogoa, nunua msumeno wenye breki hata kama ni mkuukuu. Na hapa kuna kipimo changu: jumla ya viungo na kazi ya kupachika ikizidi nusu ya bei ya msumeno wa mkono wa pili wenye breki nzima, sipachiki. Unaweka pesa kwenye mashine ambayo pistoni na mpira wa kuzuia mtetemo ni vya umri ule ule wa bodi, na kesho utarudi kwa jambo jingine.

Kama unaajiri mkataji, bustani ya hoteli au kampuni ya kusafisha viwanja, kuna hesabu nyingine. Sheria ya usalama na afya kazini ya Kenya ya mwaka 2007 inakutaka uzikinge sehemu za hatari za mashine, na sheria ya fidia kwa wanaoumia kazini, ya mwaka huo huo, inakubebesha malipo. Waya kwenye ngao utakuwa mgumu kuueleza.

Sasa jaribio, ambalo ni sawa kwa njia zote, na ambalo nalifanya mteja akiwa anatazama. La kwanza, injini ikiwa imezimwa: sukuma ngao mbele na kurudi mara kadhaa, isikilize, uhisi kama inakwama. Breki ikiwa imefungwa, jaribu kuuvuta mnyororo kwa mkono wenye glavu. Usisogee hata kidogo. La pili ni kwa breki zinazojifyatua tu: injini imezimwa, shika mpini wa nyuma, inua baa kama sentimita 40 juu ya gogo, achia mpini wa mbele ncha ianguke yenyewe. Breki ifyatuke kwa mtikisiko huo peke yake. Isipofyatuka, haiendi kazini. La tatu, msumeno uko chini umeshikwa imara, injini inaunguruma kwa nguvu, sukuma ngao kwa kifundo cha mkono wa kushoto bila kuachia mpini. Mnyororo usimame papo hapo. Ukiuona unapungua taratibu, rudi kwenye ukanda na dramu. Na achia gesi mara moja baada ya hapo, usije ukaipaka dramu ile bluu.

Msumeno wa kijana umepita yote matatu jana jioni, wenzo mpya na ukanda mpya, springi ile ile. Waya wake nimeutumia kufungia bango la banda. Mzee amekubali fremu, nusu shingo upande, na akamuuliza kijana pale pale atamtoza kiasi gani kumwangushia minazi mitatu Jumamosi.